Kikundi Chenu Unguja: Mwongozo Kamili wa Siku Tatu za Taarab, Vichochoro na Chakula

Vikundi vingi vinavyokuja Unguja hupanga safari kwa kufuata bahari: Nungwi, boti, picha za machweo, kisha muda ukibaki ndipo mtu anauliza taarab inapigwa wapi. Mwongozo huu unashauri kinyume chake. Kama ninyi ni kwaya, bendi, wanakikoba wanaopenda kuimba, wahitimu wa chuo kimoja au ukoo mzima uliochanga nauli, anzeni kwa kupanga usiku wa muziki, halafu mchana muujazie mengine. Bahari ipo kila siku, lakini taarab haipigwi kila siku, na kikundi kinachofika bila kuulizia mapema kinaweza kuondoka kimesikia spika za hoteli tu.

Na muziki wa hapa si pambo la watalii. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, anasimuliwa kuwa ndiye aliyempeleka kijana wa Kiunguja Misri akajifunze muziki ili aje kupiga kasrini. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoundwa 1905, bado kinapiga. Siti binti Saad, mtoto wa shamba kutoka Fumba, aliutoa muziki huo kasrini akauimba kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Culture Musical Club, kikundi kingine cha taarab, ina historia ya tangu 1958. Mji wenye urithi huo unastahili kupewa usiku wenu ulio bora.

Kwanza, tarehe

Hapa ndipo ziara nyingi huharibikia, kwa hiyo kaeni nayo vizuri kabla ya mtu yeyote kuchanga.

Februari ndiyo mwezi wa Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004, ambalo jukwaa lake kubwa huwekwa ndani ya Ngome Kongwe, ngome ya kale ya Mji Mkongwe. Kwa siku hizo chache mnapata wanamuziki kutoka pande nyingi za Afrika, lakini vyumba hujaa na bei hupanda. Kikundi cha watu 15 kinachotaka kulala nyumba moja kiweke nafasi miezi kadhaa kabla.

Ramadhani iangalieni kwa makini. Mwezi huo muziki husimama, mikahawa mingi haifungui mchana, na si adabu kula wala kunywa hadharani kabla ya magharibi. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na karibu yake. Ile ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Usimwachie mtu akuambie "Februari ni tamasha" bila kutazama kalenda zote mbili.

Ikiwa hamlazimiki na tamasha, nyakati ninazozipenda zaidi ni mbili. Ya kwanza ni Idi el-Fitri na siku zinazoifuata, kwa sababu sikukuu ndiyo msimu wa taarab: watu wamevaa nguo mpya, wana pesa ya kuwatunza (kuwazawadia) waimbaji, na vikundi vimekaa mwezi mzima bila kupiga. Ya pili ni wiki za kabla ya Ramadhani, ambapo harusi huwa nyingi, na penye harusi nyingi pana kidumbak (ndugu wa taarab wa mitaani) na beni (bendi ya tarumbeta na ngoma). Machi hadi Mei ni masika. Vichochoro hujaa maji na matembezi ya miguu hukosa raha.

Watu na mfuko

Vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa ajili ya msafara. Kuna mahali baiskeli ikipita mnalazimika kubana mgongo ukutani. Watu 20 wakitembea pamoja huziba njia, wa nyuma hawasikii kitu, na watu wa mtaa hukereka. Gawanyikeni makundi ya watu sita hadi wanane, kila moja na kiongozi mwenye simu iliyochajiwa, na kubalianeni mahali pamoja pa kukutania. Ngome Kongwe inafaa kwa sababu kila mtu wa mjini anaijua, na aliyepotea ataelekezwa hata na mtoto.

Pesa ziwe na mfuko mmoja na mweka hazina mmoja kwa chakula, viingilio na usafiri. Zawadi na vitafunio kila mtu ajilipie. Mweka hazina atembee na shilingi taslimu za kutosha, noti ndogo ziwe nyingi. Hizo zina kazi kubwa zaidi usiku, kama mtakavyoona.

Watanzania wabebe kitambulisho cha taifa. Kwenye makumbusho na baadhi ya hoteli kuna bei ya wakaazi na bei ya wageni, na bila kitambulisho huna la kujitetea. Wenzenu kutoka Kenya, Uganda au kwingine waje na pasipoti, kwani bandarini Unguja kuna uhamiaji hata kwa anayetoka Dar es Salaam, na wahakikishe mapema wamekamilisha bima ya lazima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024.

Kufika na kulala

Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam inachukua takriban saa mbili. Miezi ya kusi (upepo wa kusini), hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Wenye kichefuchefu wakae chini, katikati kuelekea nyuma, na wasipande na njaa wala na tumbo lililojaa. Mkiwa wengi kateni tiketi pamoja siku kadhaa kabla, msije mkagawanyika kwenye boti mbili.

Laleni Mji Mkongwe. Najua hoteli za ufukweni zinavutia, ila taarab huisha usiku mwingi, na kurudi Nungwi saa saba usiku kwa gari mbili za kukodi ni gharama na uchovu usio na sababu. Nyumba za wageni za Malindi, Hurumzi na Vuga mara nyingi zina vyumba vichache, kiasi kwamba kikundi kinaweza kuchukua nyumba nzima pamoja na dari yake ya juu ya kukutania jioni. Ulizeni swali moja kabla ya kulipa: gari linaishia wapi? Mahali pengi mizigo hubebwa kwa mkono au kwa mkokoteni kwa dakika kadhaa, na mzee mwenye magoti mabovu anafaa kupangiwa chumba cha chini, kwa kuwa ngazi za nyumba hizi ni ndefu na zimesimama.

Uwekeni usiku wa taarab kabla ya kitu kingine chochote

Kuna njia tatu, na kikundi kina bahati kwamba ya tatu iko ndani ya uwezo wake.

Njia ya kwanza ni onyesho la wazi. Wiki moja kabla, ulizeni mwenyeji wenu, na mkifika ulizeni Ngome Kongwe kuna nini wiki hiyo. Njia ya pili ni Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambacho watu wengi hukiita kwa kifupi cha Kiingereza, DCMA, kilichofunguliwa 2002. Wanafunzi na walimu wake hupiga mbele ya watu, na chuo hupokea wageni wanaotaka kujifunza.

Njia ya tatu ni kuwakodi wapigaji wenyewe. Mtu mmoja hawezi gharama hiyo; watu 15 wakichangishana wanaiweza. Hamhitaji okestra nzima. Wapigaji wanne au watano wenye udi na kanuni (vyombo vya nyuzi), fidla na dumbak (ngoma ndogo), pamoja na mwimbaji, wanatosha kabisa kwa dari ya nyumba ya wageni au ua wa mkahawa. Katika mazungumzo, yamalizeni haya: wanapiga kwa muda gani, nani analipa usafiri wao, kama mnahitaji vipaza sauti, kama mwenye nyumba na majirani wamekubali, na chakula cha wapigaji. Onyesho lipangwe baada ya sala ya isha, yaani kuanzia saa 2 usiku na kuendelea. Ukiwaambia waanze saa 1 utajikuta umekaa na viti vitupu.

Waombeni pia wachanganye. Taarab ya kale ni ya kusikiliza kwa utulivu. Kidumbak ni ndugu yake wa mitaani, mwenye vingoma viwili vidogo, fidla inayokimbia, na sanduku la mbao lenye uzi mmoja linalotoa besi. Nyimbo zake hufuatana bila kupumzika na hakuna anayebaki kitini. Kianze cha kusikiliza, kimalizie cha kucheza.

Siku ya kwanza: Forodhani, polepole

Siku ya kufika msiipakie. Pumzikeni, kisha saa 11 jioni shukeni Forodhani, bustani iliyo kando ya bahari. Vijana huwa wanaruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mtindo wake, na umati huwashangilia. Jua likizama, meza za chakula huwashwa taa.

Zungukeni mzunguko mzima kwanza bila kununua. Wauzaji watawaita, wengine kwa lugha nne. Jibuni salamu, endeleeni. Mkirudi, ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijaguswa na moto: mshikaki mmoja bei gani, pweza bei gani, na je, bei hiyo ni pamoja na mkate? Chagueni vinavyopikwa mbele yenu. Zanzibar pizza ndiyo mfano mzuri: kinyunya kinavutwa kikawa chembamba kama karatasi, kinawekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kinakunjwa pande nne na kukaangwa kwenye chuma. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi ndiyo kinywaji cha mahali hapa. Vyakula vya baharini vilivyopangwa mezani tangu mchana viacheni. Samaki mzuri mtampata kesho.

Siku ya pili asubuhi: mji kwa miguu

Ondokeni saa 2 asubuhi kabla jua halijakaza. Nguo: mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Watu wanaishi na kuswali katika mitaa hii, na anayevaa kwa heshima hufunguliwa milango mingi kuliko mwenye kamera kubwa.

Anzieni Darajani, soko lililojengwa 1904. Asubuhi ndipo samaki hunadiwa, na sauti ya mnadi ina mahadhi yake. Wapenda muziki simameni pembeni msikilize. Viungo vya zawadi vinapatikana hapa kwa bei nafuu kuliko maduka ya Shangani.

Kutoka Darajani ni hatua chache hadi Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Chukueni mwongozaji wa pale pale. Viko vyumba vya chini ambamo mtu mrefu hawezi kusimama wima, na uwanjani kuna sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shingoni, ndani ya shimo. Kwaya nyingi hutaka kuimba ndani ya kanisa. Ombeni ruhusa kwanza, na mkiruhusiwa chagueni wimbo unaolingana na mahali. Jipeni saa nzima. Mkitoka, msiwakimbize watu kwenda kupiga picha za kucheka.

Kisha ingieni ndani ya vichochoro kuelekea Sokomuhogo, hadi Jaws Corner, kona ya mabaraza ambapo wazee hunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, hucheza bao na kubishana siasa na mpira. Salimieni: "Asalaam alaykum", na kwa wazee "shikamoo" juu yake. Nunueni kahawa na kashata, kaeni. Hapa ndipo pa kuuliza habari za harusi na ngoma za usiku. Mzee anayekaa baraza hilo kila asubuhi anajua kikundi gani kinapiga mtaa gani kabla tangazo halijabandikwa.

Malizieni Shangani. Mwaka 1946 alizaliwa Unguja mtoto wa Kiparsi aliyeitwa Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury. Makumbusho yake madogo yalifunguliwa 2019 katika Barabara ya Kenyatta. Mashabiki wa roki ingieni. Wengine kaeni nje mnywe maji ya madafu, kwani nyumba haibebi kundi kubwa kwa wakati mmoja. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la 1883, tazameni kwa nje: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Chakula cha mchana, na urojo wa alasiri

Mchana nendeni mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini. Mnapita mbele ya masufuria, mnaonyesha mnachotaka: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, biriani, mchicha. Kwa kikundi ni rahisi kwa sababu kila mtu anaona anacholipia. Fikeni kabla ya saa 6 na nusu au baada ya saa 8. Katikati yake mtasimama.

Ijumaa pangeni tofauti. Kuanzia karibu saa 6 maduka na mikahawa mingi hufungwa kwa sala, kwa hiyo kuleni mapema au subirini.

Alasiri, baada ya kulala kidogo, tafuteni urojo. Usiuache, hata kama umeshiba. Mchuzi wake mzito wa manjano, mchachu kwa ndimu au embe mbichi, humiminwa juu ya mbatata za kuchemsha, bajia za dengu, kachori na vipande vya nyama, kisha juu yake hunyunyizwa chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Siri yake iko kwenye chipsi hizo: zile upesi kabla hazijalainika. Mwambie muuzaji "pilipili kidogo" ukiwa mgeni, kwa maana kipimo chake cha kidogo kinazidi chako. Wauzaji wazuri wako Vuga na Ng'ambo, na foleni ya wanafunzi wa skuli ndiyo alama ya kuaminika.

Usiku wenyewe

Vaeni vizuri. Dera, kanga, kanzu au shati lililopigwa pasi. Taarab ni hafla. Kaeni karibu na jukwaa na mzime sauti za simu.

Wataanza kwa bashraf, kipande kisicho na maneno. Mtazameni mpiga kanuni: chombo kimelala mapajani, nyuzi zaidi ya 70, na vidole vyake vya shahada vimevaa vikucha vya kudonolea. Mkono wa kushoto mara kwa mara unaruka kwenye vijiti vya chuma vilivyo ubavuni ili kubadilisha sauti katikati ya wimbo. Fidla zote hufuata njia moja, kisha mwimbaji anasimama, karibu bila kutikisika, na anaachia ubeti.

Sikilizeni maneno. Shairi la taarab husema mambo kwa mafumbo: ndege, ua, chombo baharini, jirani. Ubeti unaomgusa mtu humwinua. Ndipo mtamwona mwanamke anatoka kwenye kiti chake akicheza polepole, noti ameishika juu kati ya vidole viwili ili wote waione, anaimba kila neno pamoja na mwimbaji, anamtunza, anarudi kwa mwendo ule ule. Anayetunza naye anasema jambo, na pengine anayelengwa yumo ukumbini.

Nanyi tunzeni, kwa hizo noti ndogo za mweka hazina. Msiende wote kwa pamoja, na msirushe pesa. Nendeni mmoja mmoja, ubeti uliowagusa, mpeni mwimbaji mkononi au wekeni mbele yake. Kupiga picha mwombeni kiongozi wa kikundi kabla hawajaanza. Kurekodi onyesho zima na kulitupa mtandaoni ni kuchukua riziki ya watu.

Chakula cha usiku huo kiwe kabla ya isha na kiwe chepesi. Mikahawa ya juu ya dari, kama ule wa Emerson on Hurumzi, ina mandhari ya mabati, minara na bahari, lakini viti ni vichache na kikundi lazima kiweke nafasi mapema. Pombe haipatikani kila mahali, na kuinywa mtaani ni kuvunja heshima ya mji.

Siku ya tatu

Hapa ruhusuni kikundi kigawanyike kwa mapenzi. Wapenda bahari wakodi boti kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Safari ni kama nusu saa. Wapenda mapishi waende mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Wapigaji na waimbaji, nawaombeni mbaki mjini mkapate somo la asubuhi moja DCMA: kushika udi, au kujifunza mdundo wa dumbak na kuupiga pamoja. Kwaya ikirudi nyumbani na mdundo mmoja wa kweli, itautumia kwa miaka.

Mkutane tena saa 7 mchana kwa chakula, kisha nunueni haluwa kwa mpishi wake na siyo duka la zawadi. Ombeni mkato wa kuonja, na mwambieni aifunge kwa safari. Kwa boti ya jioni fikeni bandarini Malindi saa moja kabla ya kuondoka, kwani kuna ukaguzi wa mizigo na foleni, na kiongozi wa kila kundi ahesabu watu wake kabla ya kuingia lango la abiria, sio baada yake.